Mama: Hajulikani

Washenga kutoka Chiola walikula ugali, wakanawa, wakashukuru. Kisha Mzee Kaimu akajikohoza na kutoa ombi ambalo Letisia alikuwa akilikimbia tangu ujana wake.

"Haya mama, tuitie mjomba wa binti, tuzungumze."

Siku ile nyumba ya Letisia pale Lionja ilikuwa na kila kitu. Palikuwa na mkeka mpya, kuku wa kuchoma, kisamvu cha karanga, na maji ya kunawa yaliyotiwa majani ya mchaichai kwa ajili ya kujionyesha tu. Goreti, binti anayeposwa, alikuwa nyuma ya pazia amevaa gauni aliloshona mwenyewe, amebana pumzi kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kitu kimoja tu hakikuwepo: mjomba.

Asiyejua mila ya Wamwera aelezwe mapema, asije akadhani wazee wale walikuwa wakorofi. Mtoto kwao ni wa upande wa mama. Baba anaweza kutoka popote, hata angeshushwa kutoka mawinguni hakuna atakayemuuliza sana. Lakini ukoo ni wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Ndiye anayekaa mkekani binti anapoposwa, ndiye anayeitwa ndoa ikitetereka, na ndiye anayejua nani ni ndugu na nani anaoleka. Binti asiye na mjomba huolewa kimyakimya, kama kuku aliyenunuliwa njiani.

"Mjomba hayupo," Letisia alisema.

"Amesafiri?"

"Hayupo."

"Basi ndugu yako yeyote, mama. Wa tumbo la mama yako."

Letisia akatazama miguu yake. Miguu yenyewe ilikuwa ya kutazamwa: mirefu, mipana, yenye vidole vilivyotawanyika kama watoto waliogombana. Nachingwea nzima hapakuwa na duka lenye kiatu chake, na kanisani alikwenda na kandambili za kiume. Kisha yeye mwenye ulimi uliokuwa ukiwakata wauza samaki sokoni akainama na kuanza kukusanya sahani.

Mzee Kaimu hakuwa mtu mbaya. Kaimu lilikuwa jina lake la kuzaliwa, wala si cheo. Maofisa wapya waliohamishiwa Nachingwea kutoka mikoa mingine wakisikia "Mzee Kaimu" walidhani anakaimu nafasi ya mkubwa fulani, wakampa kiti cha mbele kwenye mikutano. Mzee hakuwahi kukataa kiti. Lakini kwenye mambo ya ukoo hakuwa na mchezo.

"Mama, binti hatumkatai," alisema kwa upole. "Dastani kampenda, na sisi tumempenda. Lakini siku wakigombana tumwite nani? Na tukija kuambiwa tumemwoza kijana wetu dada yake, nyuso tutaziweka wapi? Tutarudi korosho zikianza kuanguka. Mtutafutie mjomba. Asipopatikana..."

Akainuka, na wenzake wakainuka naye.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa sabini na saba, CCM ikiwa bado changa, na ufuta ndiyo kwanza umevunwa. Washenga walipoondoka, Letisia alikwenda chumbani akarudi na kopo la maziwa ya unga, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo ikatoboka. Ilikuwa kadi yake ya ubatizo. Goreti aliijua kadi ile tangu utoto, maana ndiyo babu, bibi na ukoo wao wote. Iliandikwa: *Jina: Letisia. Baba: Kipriani, fundi matofali. Amezaliwa: Mbekenyera. Mama: hajulikani.*

Letisia alikuzwa na masista wa misheni moja ya kusini, waliomfundisha kusali, kufua na kusema Kiswahili kilichonyooka. Kimwera hawakumfundisha, maana na wao hawakukijua. Alikuja mjini Nachingwea kufanya kazi ya udobi wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, akazaa Goreti na mwanamume aliyekuja na mradi ule kutoka bara. Mradi ulipokufa, mwanamume naye akaondoka nao, na hakuna aliyehangaika kumtafuta. Lakini kutojulikana kwa mama ni habari nyingine. Mahali pa mama pakiachwa wazi, watu hupajaza wenyewe. Kisimani walisema mama yake Letisia alikuwa mtumwa, wengine kichaa, wengine mwizi aliyefukuzwa kwao. Walimwita "binti wa karatasi." Walimwita hivyo nyuma ya mgongo, kwa sababu mbele ya uso wake hapakuwa na mtu mwenye uthubutu huo.

"Mama, kwa nini hukwenda Mbekenyera kuuliza?" Goreti alisema.

"Nilikwenda."

Goreti hakuwahi kusikia habari hiyo maishani mwake.

"Nilikwenda nikiwa msichana," Letisia aliendelea, akiikunja kadi upya. "Wewe hujazaliwa. Nikadandia lori, nikafika, nikamkuta mzee mmoja anachonga mpini wa jembe. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Kipriani fundi matofali. Mzee akaruka! Akafurahi, akaita watu, wakaja mbio. Nikamuuliza, mama yangu ni nani? Akasema, simjui. Nikauliza tena. Simjui. Mara ya tatu akasema kwa sauti kubwa, na watu wote wanacheka. Simjui! Walikuwa wanacheka, Goreti. Mtu anaulizia mama yake, na wao meno nje. Nikakimbia mpaka barabarani, lori lilikuwa linageuza, nikapanda. Sijarudi na sitarudi. Na wewe usiende. Wakikucheka na wewe, mimi nitakufa."

Asubuhi yake Goreti alikuwa kwenye cherehani chake barazani, sokoni Nachingwea, anashona shati la mwalimu mmoja. Akashona mkono wa shati mahali pa kola. Akaufumua. Akaushona tena palepale.

Kilichokuwa kikimsumbua ni kitu kidogo, lakini fundi huona mshono usiokutana hata kama mwenye nguo hauoni. Kama yule mzee hakumjua mama wa mtoto, aliruka kwa furaha gani? Na watu aliwaitia nini? Mtu asiyekujua hakufurahii. Hukuuliza umetoka wapi na unataka nini, basi. Kadiri Goreti alivyolifikiria jambo hilo ndivyo miguu yake ilivyozidi kukanyaga pedali, mpaka cherehani kikawa kinakwenda bila uzi.

Dastani, mchumba wake, fundi baiskeli mwenye kibanda upande wa pili wa njia, alikuja kuona kelele za nini.

"Nenda," alisema, baada ya kusikiliza yote. "Mimi nitakaa na cherehani chako."

"Unajua kushona?"

"Najua kukaa."

Goreti akacheka, na kwa kicheko hicho uamuzi ukawa umepita. Alimwambia mama yake kwamba anakwenda Ruangwa kununua vitambaa. Uongo ni dhambi, lakini huo alishauungama kabla hajausema.

Lori la chumvi lilimbeba juu ya magunia. Vumbi lilimwingia masikioni, chumvi ikamwasha miguuni, na yeye alikuwa anaimba. Hakujua anaimbia nini. Kila walipopita kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi paredi, aliwatazama wanawake waliosimama milangoni na kuwaza: huyu anaweza kuwa ndugu yangu. Na huyu. Na yule mwenye kuni. Hofu anayo, lakini furaha ilikuwa imeikalia hofu juu na haitaki kushuka.

Mbekenyera haikuwa tena mahali mama yake alipofika. Operesheni Vijiji ilikuwa imewakusanya watu na kuwapanga upya, jirani wa juzi yuko mwisho wa kijiji, na wasiojuana ndio wanaogusana kuta. Goreti aliuliza watu wa zamani wako wapi, akaonyeshwa nyumba ya Bibi Mwanabibi. "Huyo ndiye wa zamani kuliko wote," walimwambia. "Serikali imemhamisha mwili tu, kila siku anarudi mahame, kijiji cha zamani kilichoachwa, kulima."

Alimkuta bibi huyo amekaa uani anapepeta ufuta kwa ungo, mwembamba, kilemba cheupe kichwani. Karibu naye mwanawe, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya viua, alikuwa anasuka kamba. Huyo aliitwa Lukumani. Bibi alizungumza naye Kimwera cha kasi, lakini alipomwona mgeni akabadilisha, akaleta Kiswahili chake cha sokoni, kifupi kifupi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu. Karibu. Watoka wapi?"

"Lionja, kule Nachingwea. Bibi, nimekuja kuuliza habari za zamani. Unamkumbuka Kipriani, fundi matofali?"

Ungo ukasimama. "Kipriani! Yule Mmakua! Namjua sana. Kachimba udongo wake mpaka shamba letu la mtama likawa shimo."

Goreti akasogea mpaka karibu na ungo. "Alioa huku?"

"Kaoa. Hapahapa."

"Alimwoa nani, bibi?"

"Simjui."

Lo! Safari yote ile, chumvi na vumbi, na neno ni lilelile. Lakini Goreti hakuwa mama yake, na mshono bado ulikuwa haujakutana.

"Labda jina limekutoka, bibi. Fikiri kidogo."

"Halijatoka. Simjui."

"Basi hata nyumba aliyotoka. Alitoka nyumba ya nani?"

"Nyumba yetu!"

Goreti akamtazama bibi, bibi akamtazama Goreti.

"Alioa nyumbani kwenu, na wewe humjui?"

"Nani hamjui?"

"Wewe, bibi. Umesema humjui."

"Mimi?" Bibi Mwanabibi aliweka ungo chini kwa hasira. "Mimi nisimjue Simjui? Tumelala mkeka mmoja, tumenyonya ziwa moja, kanibeba mgongoni mpaka nimekuwa mzito! Nisipomjua Simjui nitamjua nani mimi?"

Lukumani alikuwa ameacha kusuka. Alimtazama mgeni, akamtazama mama yake, kisha mabega yakaanza kumcheza.

"Mama, ngoja," alisema. "Huyu anasikia Kiswahili." Akamgeukia Goreti. "Dada, sikiliza. Simjui ni jina. Ni mtu. Ni dada yake mama, wa kwanza kuzaliwa. Anaitwa Simjui."

Goreti alisimama. Akakaa. Akasimama tena, akakanyaga ungo, ufuta wa watu ukamwagika wote, na yeye badala ya kuomba radhi akapiga ukelele uliowatoa majirani na fimbo, wakidhani kaingia nyoka. Hakuna siku aliyowahi kufurahi hivyo, wala hakujua kwamba mwili wa mtu unaweza kuchukua furaha kiasi kile bila kupasuka.

"Mimi ni mjukuu wake!" alisema. "Mama yangu ndiye mtoto wake na Kipriani!"

Bibi akamshika Goreti mkono. Alisema polepole, "Yule mtoto yu hai?"

"Yu hai. Anaitwa Letisia. Yuko Lionja."

"Yukoje?"

"Ana ulimi mkali."

"Na miguu?"

"Mikubwa, bibi. Hapati viatu."

Bibi Mwanabibi alijishika kichwa kwa mikono miwili, akapiga kigelegele, na kigelegele kikaishia katika kilio. Wanawake waliokuja na fimbo wakakipokea bila kujua ni cha nini, wakauliza baadaye.

Basi Goreti akakaa, na habari za Simjui zikaanza kumjia, hii kutoka kwa bibi, ile kutoka kwa Lukumani, nyingine kutoka kwa jirani aliyekuwa anapita tu na jembe lake. Jina lenyewe lilianzia kwenye kosa. Baba yake Simjui alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo baada ya vita vya Maji Maji, akakaa Lindi miezi mingi. Alirudi na kanzu na Kiswahili, vyote viwili vimemkaa vibaya. Akakuta mkewe ana mtoto mchanga. Akapiga hesabu za kimyakimya, hesabu zikakataa, akanyoosha kidole akasema kwa ukali: "Simjui!" Wakwe zake hawakujua neno hata moja la Kiswahili. Walichosikia ni kwamba mkwe kafika kutoka pwani, kamwona mtoto, na kabla hajakaa chini kamletea jina la kwenye meli. Wakashangilia, ngoma ikapigwa. Angefanya nini maskini? Akala kuku akanyamaza. Na mtoto alipokua, akawa na miguu ileile ya baba yake, kila unyayo kama ubao wa kufulia. Mzee akaona aibu, akampenda kuliko wote.

Miaka ile, Mbekenyera, ukilitaja jina hilo katikati ya Kimwera, halikuwa na maana yoyote. Lilikuwa sauti nzuri tu ya mtu. Mpaka alipofika mtu mwenye masikio ya Kiswahili.

Goreti aliyaona yote sasa kama kitambaa kilichotandazwa mezani. Aliona Kipriani amesimama mbele ya padre mgeni, mtoto mkononi. Mama wa mtoto? Simjui, padre. Na padre kwa huruma akachovya kalamu akaandika: hajulikani.

"Dada yangu kafa kwa homa," Bibi Mwanabibi alisema, "mtoto hata shingo haijakaza. Mimi msichana, sina maziwa. Kipriani kasema, masista wana maziwa, nampeleka, akikua tutamchukua. Kampeleka, na yeye kaenda kukata mkonge, kafia hukohuko. Mtoto alipofikia kula ugali, tukaenda misheni na mjomba wangu. Tukabisha. Mlinda mlango kauliza, mnataka mtoto wa nani? Tukasema, wa Simjui. Kauliza tena. Wa Simjui! Kakasirika yule mtu. Kasema, kama hammjui mnamtakia nini? Katufukuza. Tumerudi tunalia njia nzima, hatujui tumekosa nini."

Hakuna aliyecheka hapo. Lukumani alikuwa ameinamia kamba yake.

"Na aliporudi mwenyewe msichana mkubwa," alisema, "nilikuwepo. Nilikuwa kijana. Babu, yule mjomba wake mama, alipomsikia ni mtoto wa Kipriani alitaka kufa kwa furaha. Anamuuliza mama yangu nani, babu anamwambia Simjui, sisi wote tunacheka, maana kumbe ndiye, miguu hiyo hapo! Mara tukaona analia, anakimbia. Tukasema uchungu wa mama umempanda. Mama alikuwa shamba. Aliporudi akashika kuku, akasema, mgeni hatoki mikono mitupu, tena mgeni wa damu! Akanipa nikimbie. Nilikimbia na yule kuku mpaka barabarani. Lori nililiona vumbi tu."

"Hamkumfuata Nachingwea?"

"Nachingwea ya karanga, mpwa wangu? Watu kama siafu, na jina lake hatukuliuliza. Tulisema atarudi. Mtu hamlilii mama yake halafu asirudi."

Kabla ya kuondoka walimpeleka mahame. Kati ya mikorosho palibaki ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma, nyumba aliyoijenga Kipriani. Bibi akapitisha mkono ukutani, akasimama kwenye tofali moja karibu na kona. Juu yake palikuwa na unyayo mzima wa mtu, kisigino na vidole vitano vilivyotawanyika. Simjui alikuwa akipita makusudi juu ya matofali mabichi ya Kipriani ili amkasirishe, bibi alisema. Kila siku anafyatua, kila siku anakanyagiwa. Mmakua wa watu akaja kulalamika kwa wazee, akiwa amekuja na tofali la ushahidi. Mara ya pili alikuja na mshenga. Goreti aliweka kiganja chake ndani ya unyayo ule na kilipwaya. Akabaki ameinama pale, machozi yanamtoka na huku anacheka, maana hatimaye alikuwa ameshikana mkono na bibi yake, au mguu, vyovyote vile.

Lori la kurudi lilibeba watu watatu wa ukoo mmoja na kuku mmoja. Bibi Mwanabibi alikataa kukaa mbele na dereva. Alisema anataka kuiona njia.

Letisia alikuwa uani anatwanga muhogo. Alimwona Goreti anakuja mbio, bila kitambaa hata kimoja, na nyuma yake kikongwe anayevutwa mkono na mwanamume mwenye kofia. Bibi Mwanabibi hakumtazama usoni. Alitazama chini, kwenye miguu iliyokanyaga maganda. Akaachia mkono wa mwanawe.

"Simjui!" alisema. "Simjui! Simjui!"

Ole wake! Letisia aliinua mchi.

"Humjui nani?" alifoka. "Humjui nani, bibi kizee wewe? Mmenicheka kwenu hamkutosheka, mmenifuata mpaka nyumbani kwangu?"

"Mama!" Goreti alijitupa katikati, kicheko kimembana hata maneno hayatoki. "Mama, shusha mchi! Ni jina! Ni jina lake! Mama yako anaitwa Simjui!"

Mchi ulibaki juu. Uso wa Letisia ulipita kila mahali ambapo uso wa mtu unaweza kupita. Alikuwa anarudi nyuma, kwa mzee anayechonga mpini, kwa watu wanaocheka, kwa lori, kwa kadi. Midomo yake ilijaribu neno lile bila sauti, mara ya kwanza kama watu wanavyolisema, kisha kama jina.

"Walikuwa wananiambia," alisema. "Muda wote ule walikuwa wananiambia."

Mchi ukashuka wenyewe. Bibi Mwanabibi alimsogelea, akamtwaa kuku kwa Lukumani, akamweka mikononi mwa Letisia.

"Kuku wako huyu," alisema. "Ulimkimbia."

Letisia, mwanamke ambaye Lionja nzima haikuwahi kuona chozi lake, alikaa chini juu ya maganda ya muhogo na kumkumbatia kuku yule mpaka kuku akalalamika. Bibi Mwanabibi akakaa naye palepale chini, akamwita mwanangu, akamsimulia tofali.

Korosho zikaanza kuanguka, na washenga wa Chiola wakaja kama walivyoahidi. Safari hii mchaichai ulikuwemo hata kwenye chai. Habari za kupatikana kwa mjomba zilikuwa zimevuja, na wanawake wa kisimani walipata ghafla haja ya kuazima chumvi nyumba ile, wakajazana mlangoni na vibakuli vyao. Mzee Kaimu alikaa, akajikohoza, akasema, "Haya mama. Tuitie mjomba."

"Nipo," alisema Lukumani, akaketi mkekani kama aliyezaliwa juu yake. Wakataja koo, za huku na za kule, wakazifuatilia mpaka kwa mababu waliokwisha kusahaulika na kila mtu isipokuwa Mzee Kaimu, wakaona hazikutani popote. Nyuma ya pazia Goreti aliachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu ufuta.

"Limebaki moja, kwa heshima tu," Mzee Kaimu alisema. "Mama mzaa mama wa binti yetu huyu ni nani?"

Lukumani alifungua kinywa. Letisia akamwekea mkono begani.

"Hilo nitajibu mwenyewe, mdogo wangu."

Akasimama, miguu yake mikubwa mitupu juu ya mkeka mpya, bila kuificha. Aliwatazama washenga, akawatazama wanawake wa mlangoni mmoja mmoja, akajibu kwa sauti iliyofika kisimani.

"Simjui!"

Mlangoni wakashikana mikono, mmoja akaguna kwa huruma. Mshenga mdogo akainama kwa aibu. Lakini Mzee Kaimu, mtu aliyeulizwa maisha yake yote anamkaimu nani, alikuwa tayari anapiga mapaja yake kwa kicheko.

"Simjui wa wapi, mama?" aliuliza.

"Wa Mbekenyera," alisema Letisia. "Mama yangu."